Injini ya Mipigo Miwili Inapopoteza Nguvu Ghafla Ziwani

Ikola ni kijiji cha wavuvi katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya Karema, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya ufuko huo, kazi kubwa hufanyika usiku. Vyombo huondoka jua linapokuchwa, taa huwashwa penye kina, dagaa na migebuka huvutwa na mwanga, na alfajiri watu hurejea na mzigo. Safari hizo kwa sehemu kubwa hutegemea injini ndogo ya petroli iliyofungwa nyuma ya chombo, ambayo wenyewe huiita mashine.

Mashine hiyo ikipoteza nguvu mbali na ufuko, jambo la kwanza linalokosekana ni mahali pa kutia nanga. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kina chake kikubwa kabisa hufika mita 1,470 hivi, na sehemu nyingi za pwani yake huteremka ghafla mithili ya ukuta. Kamba ya nanga ya mvuvi haigusi chini. Chombo huchukuliwa na upepo, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huweza kuvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Kwa hiyo swali la kwa nini injini imelegea si la fundi wa karakana peke yake. Huulizwa gizani, na mtu mwenye kurunzi na spana mbili, naye hana budi kuamua katika dakika chache kama ataiwasha tena au ataiacha.

Makala haya yanahusu namna moja tu ya kulegea, ambayo hudanganya kuliko zote. Injini iliyokwenda vizuri kwa nusu saa hupoteza nguvu ghafla, huzimika au hukaribia kuzimika, hupumzishwa kwa robo saa, kisha huwaka na kwenda kana kwamba hakuna lililotokea. Watu husema imechoka. Lakini nyuma ya sura hiyo moja yamejificha magonjwa matatu yasiyo na undugu. Mawili kati yake huchelewesha safari tu. La tatu huila pistoni, na kila mara injini inapowashwa tena kabla halijatambuliwa, huila zaidi.

Pampu iliyo chini ya pistoni

Ili magonjwa hayo yaeleweke, yafaa kwanza kukumbuka jinsi injini ya mipigo miwili inavyopumua. Katika injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za abiria siku hizi, pistoni hupanda na kushuka mara mbili ili kupata mlipuko mmoja, na oili hukaa chini ya injini katika bakuli lake. Katika injini ya mipigo miwili kila mzunguko una mlipuko wake. Shafti ya krenki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda hulipuka mara 5,000, yaani zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja.

Hilo linawezekana kwa sababu upande wa chini wa pistoni nao umepewa kazi. Pistoni inapopanda, kasha la krenki lililo chini yake hunyonya hewa na petroli kutoka katika kabureta. Inaposhuka, huyagandamiza yale yaliyonyonywa na kuyasukuma juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda, nayo yakiingia huufukuza moshi wa mlipuko uliopita. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyebuni mpango huu wa kulitumia kasha la krenki kama pampu, mwishoni mwa karne ya 19, na mfanyakazi wake Frederick Cock akaurahisisha mwaka 1892 kwa kuifanya pistoni yenyewe ifungue na kufunga matundu. Injini ya namna hiyo ina vipande vichache, ni nyepesi, na hubebwa begani na mtu mmoja au wawili. Hiyo ndiyo sababu imedumu sana katika vyombo vidogo vya majini, hata baada ya kuachwa katika pikipiki nyingi.

Wepesi huo una gharama mbili. Kwanza, kasha la krenki lazima lizibwe hewa isipite kabisa. Tundu dogo ambalo katika injini ya mipigo minne lingevujisha oili tu, hapa hubadilisha mchanganyiko unaoungua ndani ya silinda. Pili, hakuna bakuli la oili. Oili yote inayolainisha pistoni, ringi na beringi huja imechanganywa na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, tena wakati uleule ambapo joto linapanda. Sentensi hii ya mwisho ndiyo inayoeleza vifo vingi vya injini hizi, na mafundi wengi wazuri huijua kwa mikono hata kama hawajapata kuitamka.

Msomaji aliyezoea pikipiki za Yamaha za aina ya AG100 au DT, ambazo mabwana shamba na waganga wa vijijini walizitumia kwa miaka mingi, atautambua mpango huu mara moja. Pikipiki za mashindano ya kupanda miamba na magogo nazo kwa kawaida ni za mipigo miwili. Hizo huendeshwa polepole mno, kwa hiyo oili hujikusanya katika plagi na katika ekzosi, na nguvu inapokosekana ghafla wa kushukiwa kwanza ni plagi iliyolowa au ekzosi iliyozibwa na masizi. Mashine ya boti huishi maisha ya kinyume chake. Hufunguliwa mafuta hadi mwisho na kuachwa hivyo kwa saa nzima, chombo kikiwa kimesheheni. Adui yake ni joto.

Kusikiliza kabla ya kushika spana

Kabla ya magonjwa yale matatu, ni lazima kutenga tatizo ambalo si la injini kabisa. Nguvu inapopotea, mlio umepanda au umeshuka? Mlio ukipanda huku chombo kikipunguza mwendo, injini ni nzima na propela ndiyo iliyoacha kushika. Katikati ya propela nyingi mna mpira uliobanwa kwa nguvu, uliowekwa makusudi uteleze propela inapogonga jiwe, ili meno ya gia yasivunjike. Mpira huo ukizeeka huteleza hata bila jiwe. Hushika kwa mwendo mdogo na kuachia mafuta yanapofunguliwa. Katika mashine ndogo mahali pa mpira huo pana pini, nayo ikikatika propela haisukumi tena. Mashine nyingi zimefunguliwa kabureta mara tatu kwa kosa la mpira huo.

Mlio ukishuka, jambo la kwanza ni kuangalia kama wavu au kamba imejizungusha kwenye propela. Hilo huonekana kwa macho, injini ikiwa imezimwa na kuinuliwa. Kama propela ni safi, hapo ndipo magonjwa matatu yanapoingia: kukosa petroli, kukosa cheche, na pistoni kuanza kunata. Yote matatu hupona kwa kupumzishwa. Kwa hiyo kupona kwenyewe hakuthibitishi lolote, na robo saa ya kungoja ni robo saa ya kupoteza ushahidi. Uchunguzi hufanywa injini ingali ya moto.

Ushahidi wa petroli ni wa haraka kuliko wote. Kati ya tangi na injini kuna pampu ndogo ya mpira inayobinywa kwa mkono. Ibinywe mara moja. Ikiwa imebonyea na kuwa bapa, maana yake injini imenyonya na tangi halikutoa, na aghalabu sababu ni kijiskrubu cha kupitishia hewa kwenye kifuniko cha tangi, ambacho hakikufunguliwa au kimezibwa na uchafu. Kifuniko kikilegezwa, sauti ya hewa inayoingia kwa kasi husikika. Tangi lisilopata hewa hutoa petroli kwa dakika nyingi kabla ya kugoma, na likiachwa kwa muda hewa hujipenyeza taratibu, hivyo kwamba robo saa baadaye injini huwaka. Ikiwa pampu ni laini na haikazi hata ikibinywa mara kumi, hewa inaingia mahali fulani katika mpira wa mafuta au viungo vyake, au tangi limekwisha. Ikiwa imekaza barabara, petroli imefika kwenye injini na shaka ihamie kwingine.

Ikiwa pampu inakaza na kila inapobinywa injini hupata nguvu kwa sekunde chache, pampu ya injini yenyewe ndiyo iliyochoka. Ndani yake mna utando mwembamba unaotikiswa na mkandamizo wa kasha la krenki, nao ukipasuka au kukakamaa hutosha kwa mwendo mdogo na kushindwa katika mwendo mkubwa. Mvuvi aweza kufika nyumbani kwa kubinya kwa mkono njia nzima, na wengi wamefika hivyo.

Ushahidi wa cheche huhitaji uangalifu, kwa kuwa chombo kimejaa harufu ya petroli. Plagi hutolewa, tundu lake huzibwa kwa kitambaa, plagi hurudishwa ndani ya kofia yake na kugusishwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu hilo, kisha kamba ya kuwashia huvutwa. Plagi isiachwe ikining'inia bila kugusa chuma, maana umeme mkali usio na njia huweza kuharibu kifaa cha kuwashia. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Ikiwa hakuna, au ni nyekundu na hafifu, na robo saa baadaye imerudi buluu, koili au kifaa cha kuwashia kimeathiriwa na joto. Waya wa shaba ndani ya koili ni mwembamba kama unywele. Ukikatika, ncha zake huweza kugusana injini ikiwa baridi na kuachana inapopanda joto, na utando unaoukinga nao huweza kuvujisha umeme ukiwa wa moto tu. Hii ndiyo sababu koili mbovu hupelekwa mjini, hupimwa juu ya meza ikiwa baridi, na kurudishwa na cheti cha uzima. Anayeipeleka hana budi kumwambia fundi aipime ikiwa moto.

Wakati plagi iko mkononi, itazamwe. Katika mchanganyiko wenye oili, tone la kaboni huweza kuruka na kuziba mwanya wa plagi kama daraja, na silinda hiyo hufa papo hapo. Hilo huonekana na huondolewa kwa ncha ya kisu. Lakini jambo kubwa zaidi la kutazamwa ni rangi ya kauri. Kahawia ni salama. Nyeusi yenye kulowa humaanisha petroli au oili imezidi. Nyeupe kavu, hasa ikiwa na vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa, ni habari mbaya kuliko zote, maana vitone hivyo ni alumini ya pistoni.

Hesabu ya nafasi finyu

Pistoni ni ya alumini na silinda huwa na ukuta wa chuma. Vyote viwili hupanuka kwa joto, ila alumini ya pistoni hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa mfano, tuseme kipenyo cha pistoni ni milimita 80, na injini ikiwa katika joto lake la kawaida nafasi iliyobaki kati ya pistoni na silinda ni milimita 0.04. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, pistoni hiyo hunenepa kwa milimita 0.0016, na silinda hutanuka kwa milimita 0.0009 hivi.

Ikiwa maji ya kupoza yamekatika na vyote viwili vinapanda joto pamoja, nafasi hupungua kwa tofauti yao, yaani milimita 0.0007 kwa kila nyuzi moja, na itakuwa imekwisha baada ya nyuzi 55 au 60 hivi kuongezeka. Lakini ikiwa maji yanapita vizuri na silinda imebaki katika joto lake, huku pistoni peke yake ikipata moto kwa sababu mchanganyiko una petroli kidogo, nafasi ileile humalizwa na nyuzi 25 tu. Maana ya hesabu hii ni kwamba kijito cha maji kinachotoka ubavuni mwa mashine, ambacho kila mvuvi amefundishwa kukiangalia, huthibitisha nusu ya usalama. Kikikatika, injini izimwe mara moja. Kikiendelea kutoka, pistoni bado yaweza kuwa inanata.

Pistoni inapoanza kunata, mlio huwa mzito, kana kwamba mtu ameshika breki. Wakati mwingine hutanguliwa na sauti ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Injini ikizima, kamba ya kuwashia huwa ngumu kuvuta, na hiyo ndiyo alama kubwa kabisa inayoitenga hali hii na zile mbili za kwanza, kwa sababu injini iliyokosa petroli au cheche huvutika kwa wepesi uleule wa siku zote. Baada ya robo saa pistoni imenywea, kamba imekuwa laini, na ushahidi umetoweka. Kilichobaki ni mkwaruzo ubavuni mwa pistoni na pengine ringi iliyobanwa na alumini iliyopakazwa juu yake. Injini itawaka. Itakwenda. Itanata tena mapema zaidi kuliko mara ya kwanza, kwani sasa uso wake umekwaruzika na ringi iliyobanwa inaachia moto upite pembeni.

Kwa hiyo kanuni ya ziwani ni kwamba kamba ikiwa ngumu injini ingali ya moto, mafuta hayafunguliwi tena hadi mwisho usiku huo, hata kama mashine inaonekana imepona kabisa. Kama maji ya kupoza yanatoka, chombo kirudishwe kwa robo au theluthi ya nguvu. Kama hayatoki, lililo salama ni kasia, au kuvutwa na chombo kingine.

Hewa isiyoalikwa

Kwa nini petroli ipungue katika mchanganyiko? Jibu linalofikiriwa kwanza ni uchafu katika jeti kuu ya kabureta, na mara nyingi ni sahihi, hasa petroli inaponunuliwa katika madumu na kumiminwa bila kuchujwa. Maji yaliyomo huonekana kwa urahisi. Petroli kidogo ikiachwa katika chupa nyeupe kwa dakika kumi, maji hukaa chini na mstari wa kati huonekana wazi.

Jibu lisilofikiriwa ni sili za shafti ya krenki. Hizo ni pete za mpira zinazoziba hewa mahali shafti inapotokea nje ya kasha. Zikikauka au mdomo wake ukilika, kasha hunyonya hewa ambayo haikupita katika kabureta, na kwa kuwa haikupita huko, haikubeba petroli wala oili. Kabureta inaweza kusafishwa kila juma na tatizo likabaki palepale. Dalili yake moja ni ya kuaminika: mkono wa mafuta ukirudishwa, injini haishuki mara moja, huendelea kukimbia kwa sekunde kadhaa kana kwamba haikusikia. Mwenye mashine huifurahia hali hiyo, akidhani imekuwa nyepesi. Ni mwanzo wa msiba.

Fundi wa kijijini anaweza kulithibitisha jambo hili bila kifaa cha kigeni. Mlango wa kabureta na wa ekzosi huzibwa kwa vipande vya mpira na bamba, pampu ya baiskeli yenye kipimo huunganishwa kwenye tundu la plagi kwa kipande cha mpira, na hewa husukumwa kwa mkandamizo mdogo wa paundi 6 hivi, si zaidi, maana sili zenyewe haziwezi kuhimili nyingi. Maji ya sabuni hupakwa penye kila kiungo na kila sili inayofikika. Mapovu huonyesha mahali. Katika injini ya silinda mbili kila silinda ina chumba chake cha krenki, hivyo kipimo hufanywa mara mbili. Kazi hii huchukua asubuhi moja, nayo ni rahisi kuliko pistoni ya tatu.

Petroli yenyewe nayo ina lawama. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani yake, hulipuka kwa kujitegemea kabla ya moto wa plagi kuyafikia, na mlipuko huo usio na mpango ndio unaotoa ile sauti ya kokoto. Nchini Tanzania uchakachuaji wa namna hiyo ulikuwa mkubwa hadi mamlaka ya EWURA ilipoanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuondoa tofauti ya bei iliyowavuta wachanganyaji. Mahali mafuta yanapopita mikono mingi kabla ya kufika kwenye tangi, tahadhari haijapitwa na wakati. Tone la petroli safi juu ya karatasi hukauka bila kuacha alama, ilhali mafuta ya taa huacha doa la mafuta kwa muda mrefu. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kutia oili, vinginevyo doa litakuwa la oili.

Kuhusu oili, pana imani kwamba kuizidisha ni kuikinga mashine. Mashine inayotaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli huhitaji mililita 400 katika lita 20. Inayotaka moja kwa 100 huhitaji mililita 200, na kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Akiongeza mara mbili, mwenye mashine hulijaza tundu lilelile la jeti kwa kimiminika kizito zaidi chenye petroli pungufu. Upungufu huo si mkubwa, ni kama sehemu 2 katika 100, lakini kwa injini ambayo tayari ina sili inayovuja, huongeza pale pasipotakiwa kuongezwa, na masizi ya oili huzibana ringi. Oili iwe ya mashine za majini za mipigo miwili, ambayo huandikwa TC-W3 kwenye chupa. Oili ya gari la mipigo minne haikukusudiwa kuungua.

Nusu ya nguvu isiyoonekana

Mashine nyingi kubwa kidogo zina silinda mbili. Silinda moja ikifa, mtu angetarajia chombo kipunguze mwendo kwa nusu, lakini sivyo. Nguvu inayohitajiwa na propela huongezeka kwa kadiri ya mzunguko uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo nusu ya nguvu bado huizungusha propela kwa karibu asilimia 79 ya mzunguko wake wa kwanza. Mtumbwi mzito uendao polepole hupoteza takriban moja ya tano ya mwendo, kiasi ambacho usiku, penye mkondo na upepo wa mbele, hudhaniwa kuwa ni mzigo. Wakati huo silinda iliyobaki inabeba kazi ya mbili mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho, na ndiyo itakayonata saa moja baadaye. Kinachoitwa kupotea kwa nguvu kwa ghafla mara nyingine kilianza muda mrefu kabla.

Sikio hulitambua kabla ya jicho. Silinda mbili huimba kwa mlio mmoja ulio sawa, na moja ikifa mlio huwa na kikohozi, na mashine hutikisika katika mwendo mdogo. Uthibitisho ni kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, injini ikiwa na joto na mafuta yamefunguliwa yote. Namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, na ikizidi moja ya kumi, sababu itafutwe.

Yako matatizo yanayotokana na mashine kutofanya kazi. Uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, mashine nyingi zilikaa ufukweni kwa miezi mitatu. Petroli iliyoachwa katika kabureta kwa muda kama huo hukauka na kuacha gundi ya kahawia, na gundi hiyo huifinya jeti bila kuiziba. Injini huwaka vizuri siku ya kwanza, huenda vizuri kwa mwendo mdogo, na hukosa petroli pale tu inapofunguliwa yote. Kabla ya kuhifadhi, mpira wa mafuta uchomolewe injini ikiwa inakwenda, hadi iimalize petroli iliyomo na kuzima yenyewe. Pampu ya maji nayo ikaguliwe kabla ya kurudi ziwani, kwa kuwa mapanga yake ya mpira yakikaa yamepinda muda mrefu hubaki na mpindo huo.

Pistoni iliyokwisha kunata ikifunguliwa, mahali pa mkwaruzo husema chanzo. Mikwaruzo upande wa tundu la ekzosi, penye joto kubwa, huelekeza kwenye mchanganyiko uliokauka. Mikwaruzo minne iliyopangana kuizunguka pistoni huonyesha injini iliyofunguliwa mafuta yote ingali baridi, pistoni ikanenepa kabla silinda haijapata joto. Mikwaruzo kila upande huelekeza kwenye maji ya kupoza au ukosefu wa oili. Alumini iliyogandamana na ukuta wa chuma wa silinda huweza kuyeyushwa kwa kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni, ikipakwa kidogo kidogo kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, macho na mikono vikiwa vimekingwa, wala isiguse sehemu za nje za injini, ambazo nazo ni za alumini. Silinda isafishwe kwa maji mengi, ikaushwe na kupakwa oili papo hapo kabla haijashika kutu.

Pistoni mpya haifungwi mpaka chanzo kimejulikana. Ikishafungwa, saa 10 za kwanza mashine huendeshwa kwa oili mara mbili ya kawaida, bila kufunguliwa mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu, na mwisho wa kila safari plagi hutolewa na kutazamwa rangi yake mchana, kwa mwanga wa jua, maana kwa kurunzi kahawia na nyeupe hufanana.